Mwezi wa Kung'oa Majani

Jumatatu, 7 Julai

Siku ya tisa bila kazi. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikaanza kutafuta shati la kazi, nikakumbuka sina pa kwenda. Nikarudi kwenye mkeka, magoti juu, kama muuguzi alivyosema. Maumivu yako pale pale, kiunoni upande wa kushoto, yanashuka hadi kisiginoni.

Naandika ili nisijidanganye. Kapita, msimamizi wetu wa wabebaji, alisema mwezi mmoja. Tarehe 28 nirudi bandarini, nibebe gunia moja la simenti kutoka kwenye mashua hadi depo, yaani ghalani, kundi zima likitazama. Nikilifikisha, nafasi yangu ni yangu. Nikishindwa, nafasi ni ya Bosco, yule mtu wa Banalia waliyemweka badala yangu. Miaka sita nimebeba magunia Kisangani. Sijawahi kuliweka gunia chini njiani hata siku moja.

Huko nje Papa Mwalimu alikuwa anaongea na nyanya za bustani yake. Ndiye mwenye nyumba, mimi napanga chumba cha nyuma. Mtu mzima aliyesoma, anainama, anaiambia nyanya: "Bon, weye leo unapendeza." Nikafunga dirisha.

Jumanne, 8 Julai

Nimegundua wazimu wa huyu mzee. Amestaafu ualimu miaka tisa sasa, lakini bado anangoja shule zifungwe ndipo apumzike. Shule zikifungwa anasema yuko vakansi, yaani likizo. Nyuma ya mlango wake kuna ubao mweusi wa shule, ameandika ratiba kwa chaki. Jumatatu bustani. Jumanne kusoma. Jumatano bustani. Jumapili matembezi. Ratiba ya kutofanya kitu, na mistari ameipiga kwa rula.

Kwetu Kasongo mtu akikaa chini mchana ni mgonjwa au ni mwizi anayepima nyumba.

Jumatano, 9 Julai

Nilikwenda tena kwenye kituo cha afya. Muuguzi ameniambia nisilale kutwa. Nitembee. Nipige magoti nifanye kazi ndogo, ila nisibebe kitu. Kosa langu ni kumwambia Papa Mwalimu. Niliporudi kutoka chooni jina langu lilikuwa ubaoni: ASUMANI, KUNG'OA MAJANI.

Nimeng'oa. Tuta la lengalenga, huo mchicha, tuta la ngaingai, ile mboga chachu, tuta refu la nyanya. Mimi niliyebeba chumvi na simenti mpaka shingo ikawa na sugu kama ya ng'ombe wa kulima, leo nimepiga magoti kwenye udongo navuta vijani viwili viwili kama mama mkwe anayetafuta chawa. Mzee alisimama nyuma yangu na kofia yake ya majani.

"Asumani, uko unang'oa ao uko unayinyoa?"

"Niko nang'oa, Papa."

"Mizizi iko wapi? Hii unakata nywele tu. Kesho inaota tena, inakucheka."

Nilitamani kumrushia jembe.

Ijumaa, 11 Julai

Msikitini nimeswali kwenye kiti. Siwezi kusujudu. Wamenipanga mstari wa pembeni na wazee wasio na meno. Mmoja alinigusa goti akasema tutazoea. Mimi sitazoea. Nina miaka thelathini na tisa.

Jumapili, 13 Julai

Matembezi. Amenipeleka kwenye maporomoko ya Tshopo. Kutembea ni dawa, alisema, na mimi sikuwa na sababu ya kukataa ila chuki.

Maji yanaanguka. Yalianguka jana, yataanguka kesho. Watu wa vakansi wamejaa: wanafunzi wa chuo wanapigana picha, mama mmoja wa ofisi amevaa viatu vyeupe kwenye mawe yenye utelezi halafu analalamika, baba mmoja anamfundisha mtoto wake kurusha jiwe kana kwamba hilo lina shule. Wanakula samaki waliopikwa ndani ya majani, wanaacha majani pale pale. Kijana mmoja alimwambia msichana wake kwamba sauti ya maji inamtuliza. Nilitaka kumuuliza amechoshwa na nini.

Papa Mwalimu alivua viatu, akatia miguu majini, akafumba macho. Saa nzima. Sijui mtu anafikiri nini saa nzima bila mzigo. Mimi kila nikikaa dakika tano nawaza tarehe 28.

Mguu uliniuma kidogo tu wakati wa kurudi. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 15 Julai

Siku ya kusoma, kwa mujibu wa ubao. Amenipa kitabu cha jiografia cha shule, cha zamani, mende wamekula kona. Nilisoma hadi darasa la sita tu, lakini kusoma najua, polepole. Nikatafuta kwetu. Kasongo ina mstari mmoja. Kasongo: mji wa Maniema, mchele. Basi. Mimi, mke wangu, watoto watatu, makaburi ya wazee wetu, misikiti, soko: mchele. Aliyeandika alipita na gari akachungulia dirishani.

Nilimwonyesha Papa Mwalimu. Akacheka mpaka akakohoa. "Na Kisangani unaona wamesema nini? Wamesahau nyumba yangu."

Nikaendelea kusoma lakini kwa hasira. Kurasa ishirini. Mchana uliisha na mimi sikuona.

Alhamisi, 17 Julai

Fatuma, mke wangu, amepiga simu kutoka Kasongo. Sijamwambia. Anafikiri niko kazini. Nilikuwa bustanini, nikamwambia ndiyo, mashua nyingi, kazi nyingi, nimechoka.

"Na hiyo iko inalia ni nini?"

"Nini?"

"Kuku. Ku port iko na kuku sasa?"

Nikasema wanapakia kuku. Akasema, "Sawa, salimia makuku," akakata.

Huyu jogoo wa Papa Mwalimu nitamla siku moja.

Jumamosi, 19 Julai

Mgongo ni mwepesi. Nimeinama kufunga kamba ya kiatu bila kushika ukuta. Nilitaka kuimba. Sikuimba. Siku tisa zimebaki.

Lengalenga imetoka vizuri tuta lote, hakuna jani la mwitu. Wanawake wamekuja kununua, wamesema hii imelimwa na mtu wa bidii. Papa Mwalimu akanyoosha kidole kwangu. Wakaniangalia mimi, mwanamume mzima, na udongo magotini. Nikaingia ndani.

Jumapili, 20 Julai

Mjinga. Mjinga, mjinga, mjinga.

Niandike yote. Ratiba ilisema kuvuka mto, kwenda Lubunga kwa dada yake Papa Mwalimu kula lituma. Tulikula. Ndizi zilikuwa zimepondwa vizuri, na samaki wa moshi. Yule dada anaongea sana, anamwita kaka yake "mwanafunzi". Tukakaa chini ya kibanda chake tunaangalia kuku wakichakura, eti hayo ni mazungumzo. Nilidharau lakini sikuumia popote. Tulipoondoka akanipa papai kubwa nilishike.

Tulivuka kurudi. Kwenye gati palikuwa na mtumbwi wa makaa unashushwa. Sasa, kazi yetu iko hivi. Watu wawili wanainua gunia, wa tatu anabeba. Wale wawili wakishainua hawasemi maneno mengi, wanapiga kelele moja: "Shingo!" Ukisikia hivyo unainama, unatoa shingo, gunia linakaa. Hufikiri. Ukianza kufikiri, gunia limeshaanguka. Nimeinama hivyo kila siku ya kazi kwa miaka sita.

Watu wawili nisiowajua walikuwa nyuma yangu. Mmoja akapiga kelele, "Shingo!"

Nikainama.

Papai lilianguka likapasuka. Gunia la makaa, la mtu nisiyemjua, likakaa kwenye shingo yangu, na miguu yangu ikaanza kutembea yenyewe kupanda ukingo. Hatua nne. Ya tano kitu kikapasuka kiunoni kama kitambaa. Nilianguka na makaa juu yangu.

Mbebaji wao wa kweli alikuwa amesimama pembeni mikono kiunoni, akaniuliza: "Papa, nani alikuita?" Gati lote likacheka. Hata yule mwenye makaa alicheka, na makaa yake yamemwagika.

Papa Mwalimu hakucheka. Alinishika kwapani, akanivuta kama mtoto.

Jumatatu, 21 Julai

Mkekani. Siwezi kugeuka upande. Papa Mwalimu ameleta uji, ameweka chini, amesimama mlangoni.

"Miaka makumi tatu na moja nilifundisha. Niliona batoto bajinga, bajinga kabisa. Lakini hata mumoja hakubeba gunia ya mutu bila kuombwa."

Angejua nini? Hajawahi kuitwa hivyo. Yeye kengele ikilia alikuwa anasimama, sasa hailii na bado anasimama. Tofauti yetu ni ndogo kuliko anavyofikiri. Lakini sikuwa na nguvu ya kumwambia.

Jumatano, 23 Julai

Nimetembea hadi kisimani na kurudi. Mguu wa kushoto una ganzi.

Alhamisi, 24 Julai

Hadi kisimani mara mbili. Mvua. Napenda mvua leo kwa sababu bustani imefungwa na hakuna mtu anayeniambia nitoke nje nifurahie.

Jumamosi, 26 Julai

Bosco amekuja kunisalimia. Ameleta nanasi. Mtu anakula nafasi yako halafu anakuletea nanasi.

Akakaa. Akaona bustani, akapiga magoti bila kuambiwa, akaanza kung'oa majani tuta la nyanya huku anazungumza. Mke wake amejifungua wiki iliyopita, msichana. Huko kwao Banalia babake ana shamba kando ya mto lakini ndugu ni wengi. Nyanya hizi nzuri, akasema, mtu aliyezitunza ana mkono. Papa Mwalimu alifurahi kama amepata mwanafunzi mpya. Wakaongea mbolea ya kuku nusu saa. Mimi nimekaa kwenye kiti kama mgeni wa msiba.

Alipoondoka akaniinamia, akaniita yaya, kaka mkubwa. "Yaya, Jumatatu mi ndiye niko napandisha gunia. Nitakuwekea polepole."

Polepole. Nikamwambia aweke kama anavyowawekea watu wote. Akasema ndiyo, yaya. Hata hasira hana. Mtu asiye na hasira simwamini.

Nanasi tumelila. Lilikuwa tamu. Naandika kwa chuki.

Jumapili, 27 Julai

Papa Mwalimu amefuta matembezi ubaoni. Ameandika: ASUMANI, KUPUMZIKA. Nimefuta kwa kiganja. Chaki bado iko kwenye mistari ya mkono.

Kesho.

Jumatatu, 28 Julai

Nilifika kabla ya jua. Mashua ya simenti, ubao mrefu wa kushukia, kama kawaida. Kapita alikuwa amekaa juu ya kiti chake cha plastiki, redio mkononi. Kundi zima limekaa juu ya magunia. Waliniamkia vizuri. Mmoja akaniuliza kama kweli nimekuwa mkulima wa lengalenga. Nikamwambia aulize mke wake, ndiye mteja wangu. Wakacheka, nikajisikia mtu tena.

Nikaingia mashuani. Bosco na mwenzake wakainua. "Shingo!" Nikainama. Hakuweka polepole, aliweka kama ilivyo. Namshukuru kwa hilo.

Nilitembea. Mbao tatu za kwanza za mashua, halafu ubao wenyewe. Hatua moja, mbili, tatu. Mgongo ulikaa kimya. Nilisikia redio ya kapita. Hatua ya nne, ya tano. Nikaanza kufikiri kwamba nimeshinda.

Hatua ya sita mguu wa kushoto haukuwepo. Haukuuma. Haukuwepo tu. Nikasimama katikati ya ubao na kilo hamsini shingoni, maji chini, siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi. Kusimama juu ya ubao ndilo jambo baya kuliko yote katika kazi yetu. Siku ya kazi watu wanaongezeka nyuma yako. Niliwasikia wakiinuka kutoka kwenye magunia, mmoja mmoja. Hakuna aliyetukana. Nilingoja watukane.

Bosco alipita pembeni, sijui vipi, ubao ni wa mtu mmoja, alitia mguu mmoja majini. Akaja mbele yangu, akageuka, akainama. Akachukua gunia kutoka kwenye shingo yangu likakaa kwenye yake, akaondoka nalo hadi depo. Nikabaki nimesimama na vumbi la simenti masikioni.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Kapita akazima redio. "Asumani, murafiki yangu. Kwenda upumzike."

Jumanne, 29 Julai

Saa sita mchana, Papa Mwalimu ameenda sokoni. Nimeingia bustanini. Nimeng'oa nyanya zote. Tuta zima, moja baada ya moja, zikiwa na matunda mabichi, nikazitupa njiani. Sikuwa mlevi, sinywi. Nilijua ninachofanya. Nilisikia raha hadi mche wa mwisho. Baada ya hapo hakukuwa na kitu cha kung'oa na raha ikaisha.

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nilisikia lango, nilisikia kikapu kikiwekwa chini. Halafu ufagio.

Jumatano, 30 Julai

Nilitoka kwa sababu haiwezekani kukaa ndani siku zote. Alikuwa barazani, bakuli kubwa kati ya miguu, anachambua nyanya mbichi. Nilisimama.

Alinyanyua mche mmoja uliokauka, akaugeuza, akaangalia chini yake.

"Leo umeng'oa vizuri. Na mizizi yote."

Nikamwambia nisamehe, Papa. Akasema kaa chini, chukua kisu. Nyanya mbichi inapikwa na pilipili na mafuta ya mawese, watu wa kwao wanafanya hivyo, mimi sikujua. Tulikata bakuli zima. Mikono ikawa ya kijani. Baadaye akaniambia, bila kunitazama, kwamba siku aliyostaafu alivunja saa ya ukutani kwa kiatu. Mke wake marehemu ndiye aliyefagia.

Chakula kilikuwa kikali, kizuri. Sikustahili, nikala mara mbili.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimempigia Fatuma. Nimemwambia yote, mgongo, ubao, Bosco, hata nyanya. Nilidhani atalia au atanilaani. Alingoja nimalize.

"Kwa hiyo hakukuwa makuku ku port."

"Hakukuwa."

"Na sasa uko unangojea nini? Nikutumie barua?"

Nikasema sina kitu mkononi cha kuja nacho. Akasema watoto hawakuuliza mkono, wameuliza baba. Huyu mwanamke. Miaka sita namdhania mjinga kwa sababu yuko mbali.

Jumapili, 3 Agosti

Treni ya Ubundu, njia ya kurudi kwetu Kasongo, inaondoka leo, wamesema, na kwa mara ya kwanza wamesema kweli. Papa Mwalimu amenivusha hadi Lubunga na kunisindikiza kituoni. Kwenye ubao wake leo kumeandikwa matembezi, kwa hiyo alisisitiza kwamba ananisindikiza kwa ratiba, si kwa mapenzi. Nikamwambia bora hivyo.

Mfuko wangu aliubeba yeye. Mzee wa miaka sabini na mbili. Nilijaribu kuuchukua, akanipiga mkono.

Amenipa mbegu za ngaingai ndani ya karatasi ya daftari. Nikamwambia Kasongo tuna ngaingai. Akasema ndiyo, lakini za kwenu hazijasoma.

Jumatano, 6 Agosti

Ubundu. Mashua ya kwenda Kindu haijafika. Mwenye mashua amesema leo, kesho, Mungu akipenda. Watu wamemzunguka wanapiga kelele, mama mmoja amemshika shati. Mwezi uliopita nami ningekuwa katikati yao.

Nilinunua samaki wa kuchoma na kwanga, ule mkate wa muhogo, nikakaa juu ya mwamba karibu na maji. Wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu, hawana haraka, mmoja anaimba puani wimbo ambao hajui mwisho wake. Niliwaangalia mpaka samaki akaisha. Nikalamba vidole. Nikafungua karatasi za gazeti zilizofungia sabuni yangu, habari za mpira za mwaka jana. Nikasoma zote.

Kisha nikatandika mkeka kwenye kivuli cha mwamba nikalala. Mchana kweupe, mbele ya watu, mgongo umenyooka juu ya mchanga wa moto.

Nilipoamka mashua bado. Kivuli kilikuwa kimehama. Nikavuta mkeka nikakifuata, nikalala tena.